Kumpeleka kijana kuwinda batamzinga Kentucky: anza na bunduki, milio baadaye

Kijana akimkosa batamzinga wake wa kwanza, mara nyingi kosa ni la mzazi, tena lilifanyika wiki mbili kabla: bunduki kubwa kuliko bega la mtoto, na haikuwahi kupimwa kwenye karatasi. Milio ya kumwita ndege na chambo (yaani batamzinga bandia wa kumvutia), ambavyo ndivyo watu hupenda kuvizungumza, vinakuja baadaye.

Sheria kwa haraka. Kentucky hutenga wikiendi ya kwanza ya Aprili kwa vijana walio chini ya miaka 16, kabla ya msimu wa watu wote kufunguliwa katikati ya mwezi. Kuanzia miaka 12 kijana awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na mtu mzima akae karibu kiasi cha kuweza kuidaka bunduki papo hapo. Anayepigwa ni batamzinga mwenye ndevu tu, yaani kile kishada cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani. Na wewe mzazi, kama uko Marekani kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho inakubana kuhusu kushika bunduki. Leseni ya uwindaji ni moja ya nafuu zilizomo, lakini muulize mwanasheria, usimuulize jirani.

Sasa bunduki. Geji 20 (kipimo cha upana wa mtutu) inatosha kabisa. Kitako kikiwa kirefu, kijana huegemea nyuma ili aufikie mtutu, shavu linanyanyuka, na marisau, yaani punje zinazotoka kwenye ganda, yanapita juu ya kichwa cha ndege. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Tafuta kitako kifupi, na ukiweza funga kilengeo cha nukta nyekundu, maana hicho husamehe shavu lisilokaa sawasawa.

Mazoezi yafanyike kwa risasi nyepesi za shabaha, masikio yakiwa yamezibwa. Risasi za batamzinga hupiga teke kali, na kijana aliyeumizwa bega mara tatu hufumba macho mara ya nne. Kwa hiyo kazi ya kupima mtawanyiko wa marisau ifanye wewe, kwa bunduki ileile, choki ileile (kibano cha mdomo wa mtutu) na risasi zilezile. Bunduki haijali nani ameishika. Tundika karatasi pana, chora duara la inchi 10, piga ukiwa yadi 20, kisha 30, kisha 40, uhesabu matundu ndani ya duara. Pale yanaposhuka chini ya 100, umevuka mpaka. Kisha mpunguzie kijana yadi kumi zaidi, kwa sababu moyo wake utakuwa unadunda kama ngoma.

Marisau ya madini ya risasi, namba 5 au 6, yanafaa. Yale ya tangsteni namba 9 ni mazito mno, gramu 18 hivi kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11 za risasi, hivyo punje ndogo hupenya vizuri na zinaingia nyingi kwenye ganda moja. Bei yake itakuumiza, lakini kwa mtoto unahitaji maganda machache tu.

Mwanzoni mwa Aprili, pande za Louisville, jua huchomoza kama saa moja na dakika ishirini, na kufyatua kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla. Saa kumi na mbili na nusu iwakute mmekaa. Kwa mara ya kwanza napendekeza kibanda cha turubai, kwa kuwa batamzinga anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, na hakuna kijana asiyekuna pua. Mkikaa nje, chagueni mti mpana kuliko mabega yenu. Anayetumia mkono wa kulia aelekeze bega la kushoto kule mnakotarajia ndege atokee, na bunduki iwe imeegemea kijiti tangu mwanzo. Nyekundu, nyeupe, buluu na nyeusi msivae: ndizo rangi za dume, na mwindaji mwingine anaweza kuwaona vibaya. Kwa sababu hiyohiyo, msiunyatie mlio wa batamzinga; huenda ni mtu. Akitokea mtu, paza sauti bila kupunga mkono.

Chambo kikae yadi 15 hadi 20. Ukitumia dume changa bandia, mwelekeze kwenu. Dume mkubwa hupenda kumkabili uso kwa uso, kwa hiyo atakuja kusimama akiwapa mgongo.

Kuita, kidogo tu. Kijisanduku cha kusugua, kinachotoa mlio wa batamzinga, ndicho chepesi kwa kijana. Dume akijibu, nyamazeni. Akinyamaza naye, msiondoke: anaweza kuwa anakuja kimyakimya, na nusu saa zaidi si nyingi. (Simu ikae mfukoni mwako, siyo mwake.)

Dume akijitutumua na kutandaza mkia, shingo imekunjwa, msipige. Toa mlio mmoja mkali, atanyoosha kichwa. Hapo ndipo sefti (kizuizi cha kufyatua) inafunguliwa, mkishahakikisha hakuna jike nyuma yake. Alenge pale manyoya ya shingo yanapoanzia. Akilenga kichwa, nusu ya marisau hupotea hewani.

Baada ya kufyatua, sefti ifungwe, bunduki uichukue wewe, ndipo mtembee. Vipi, yaani ile miiba ya miguuni mwa dume, huchana mkono hata anapokata roho. Jazeni kumbukumbu ya windo kabla ya kumsogeza, na ripoti ya Telecheck (mfumo wa jimbo wa kuripoti windo) itumwe kabla ya saa sita usiku. Kwa nyumba za Kiislamu, kijana atamke bismillahi kabla ya kufyatua, na ndege akikutwa hai achinjwe. Kuhusu aliyekufa kwa marisau wanazuoni wana kauli tofauti, basi muulize sheikh wako kabla ya msimu.

Wakati wa kubeba, mfunge ndege kitambaa cha rangi ya chungwa. Nyumbani, minofu ya kifua ikatwe vipande vyembamba, ikaangwe haraka, la sivyo inakauka. Miguu ina kano ngumu kama waya: ichemsheni kwa moto mdogo kwa muda wa saa tatu au nne, mchambue nyama, ndipo mwiunge na tui la nazi.