Kabla hujanunua toi, tafuta visoda na beseni

Wazazi wengi wanaoleta watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo umepata hitilafu na viungo havimtii mtoto vizuri, mazoezini kwetu hapa Mwanza swali la kwanza ni toi, dokta ninunue toi gani, na wengine wamevuka na kivuko kutoka Ukerewe nauli peke yake imewamaliza. Mimi nauliza tu, nyumbani beseni lipo? Visoda, malimau? Basi inatosha.

Chukua mdako. Kila mtu anaujua, vijiwe kwenye shimo, unarusha kimoja juu unavuta vingine kabla hakijashuka. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono umekaza, mdako huo una haraka mno, atalia na kususa. Sasa uvunjevunje. Toa kwanza kurusha, avute tu visoda vitoke kwenye sahani, avirudishe, hapo vidole vinafunguka na kufunga na yeye anajua anacheza. Akizoea mviringishie limau alipokee kwa mikono yote miwili, halafu ndo urushe kitu, ila kiwe kipande cha khanga nyepesi maana kinashuka taratibu na anapata muda wa kukiwahi. Limau la kurusha litakuja mwishoni kabisa, hata baada ya miezi, sawa tu.

Asiyekaa mwenyewe mpakate katikati ya miguu yako, mgongo wake kifuani kwako, beseni la visoda mbele. Akianza kukaa, visoda visogeze pembeni kidogo ili ageuze kiuno kuvifuata, balansi inajengeka hapo. Anayejifunza kusimama, beseni lipande kwenye stuli. Akipata kila mara sogeza mbali, akikosa mara tatu mfululizo rudisha karibu, usisubiri akate tamaa.

Asiyeongea naye anacheza. Shika kisoda, mwangalie usoni, nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka 10. Tatizo letu wazazi tunawahi kumpa, mtoto hajapata hata nafasi ya kunyoosha mkono au kutoa sauti ya kuomba, na ile sauti ndogo ndo tunayoitafuta jamani.

Sasa tahadhari. Chini ya miaka 3, au yeyote anayeweka kila kitu mdomoni, usimpe visoda wala vijiwe, atapaliwa, tumia malimau makubwa. Mchanga nao ni mzuri sana kwa viganja lakini usimpeleke kuchezea majini pale Igombe au Kirumba kwenye majani majani, kichocho kipo ziwani, chota mchanga mkavu uweke kwenye beseni mchezee nyumbani.

Dakika 10 au 15 asubuhi na jioni, bora kuliko lisaa lizima la kulia. Na kaka yake au dada yake awepo, watoto wanaigana kuliko wanavyotusikiliza sisi. Siku ya kliniki njoo nao wote wawili, na beseni lenyewe mnalotumia, nataka nione mnavyocheza halafu tubadilishe hapo hapo.