Nyumba za gharama nafuu: nani analipa, na nani anaingia?

Tuseme mkutano wa mtaa Isyesye au Iwambi, hapa jijini Mbeya, umeitishwa kujadili mradi wa nyumba za gharama nafuu. Mjumbe mmoja atasimama akiwa na picha ya nyumba za bure za serikali. Wa pili anawaza vijumba vilivyobanana kama mabanda ya kuku. Wa tatu ameshaona bei za nyumba za namna hiyo kwingineko, na anajua mwalimu wa shule ya msingi hazigusi. Watabishana mpaka giza liingie, kila mtu na mradi wake kichwani.

Kwa lugha rahisi, nyumba ya gharama nafuu ni ile ambayo sehemu ya gharama yake imebebwa na mwingine, mara nyingi serikali, ili mtu wa kipato cha chini aweze kuinunua au kuipanga. Sehemu hiyo ndiyo ruzuku. Mbeya jambo hili si geni, kwa sababu mbolea ya ruzuku ilizinduliwa hapa hapa, viwanja vya John Mwakangale, tarehe 8 Agosti 2022, na mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ukashuka hadi shilingi 70,000. Mkulima alijua fika kwamba kuna anayefidia kilichobaki. Ila kwenye mbolea ruzuku unaiona palepale kwenye bei ya mfuko. Kwenye nyumba inaweza kukaa sehemu nyingi, na nyingine hutaziona kabisa.

Inaweza kuwa kwenye ardhi: halmashauri inatoa eneo bila kumtoza mjenzi bei ya soko. Inaweza kuwa kwenye miundombinu. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lililoanzishwa mwaka 1962, kwa miaka mingi lililalamika kwamba lenyewe ndilo linalovuta maji, umeme na barabara hadi kwenye mradi, kisha gharama hizo zinaishia kwenye bei ya nyumba, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 juu yake. Na inaweza kuwa kwenye riba, ambayo mikutanoni haitajwi sana, nayo ndiyo inayoumiza.

Chukua nyumba ya mfano ya milioni 50. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitozwa riba ya kati ya asilimia 13 na 19. Weka 15, kwa miaka 15: rejesho la mwezi ni karibu shilingi 700,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na utaratibu unataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Hapo hakuna cha kujadili. Teremsha riba hadi asilimia 9, rejesho linakuwa kama 507,000, bado. Teremsha na bei iwe milioni 25, unapata kama 254,000, na mwenye kima cha chini, akishakatwa kodi, pensheni na bima, anaingia kwa kujibana, ilimradi hana mkopo mwingine. Nani asiye na mkopo? Na huyo ni mwenye salary slip. Mama lishe wa Kabwe na bodaboda wa Mafiat hawajaguswa na hesabu hii hata kidogo.

Ndiyo maana kuna njia nyingine ambayo siku hizi haisemwi sana: kutoa kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, kisha mtu ajenge mwenyewe. Mbeya iliionja. Katikati ya miaka ya 1970, mradi wa serikali uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipima viwanja na kuboresha makazi Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, na Mwanjelwa ilikuwamo. Mikopo ya ujenzi ilitoka Benki ya Nyumba, ile iliyokuja kufa miaka ya 1990. Mimi naona njia hii inaendana zaidi na tunavyoishi: chumba kimoja mwaka huu, tofali za kuchoma zikipangwa uani kusubiri mavuno, bati mwaka kesho. Lakini nayo ina tundu lake. Sinza ya Dar es Salaam ilizaliwa na mradi huo huo, na leo nani atasema Sinza ni mtaa wa wenye kipato cha chini? Kiwanja cha mnyonge hununuliwa na mwenye uwezo.

Mradi wa namna hii ukitajwa, wakazi wa jirani huwa na hofu zao, nazo hazina uzito sawa. "Watatuletea wezi" ni dharau tu, kwa sababu watakaohamia ni walewale wanaopanga vyumba uani kwetu. "Viwanja vyetu vitashuka bei" sioni msingi wake: barabara na bomba vikifika, bei pembezoni mwa jiji hupanda. Maji na madarasa ni hoja ya haki kabisa, na ijibiwe kwa mchoro na bajeti, si kwa ahadi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kwenye mipango ya maeneo yao, na mwenye shamba la mahindi litakalochukuliwa anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka kwa Sheria ya Ardhi ya 1999.

Hofu nzito ni ile inayosemwa kwa sauti ya chini: zitachukuliwa na wakubwa. Watu hawajasahau nyumba za serikali zilivyouzwa kwa watumishi kuanzia mwaka 2002. Hapo mwenyekiti abanwe. Kipato cha juu cha mwombaji ni kiasi gani? Majina yatabandikwa ofisi ya mtaa kabla ya kugawa au baada? Aliyepata akitaka kuuza baada ya miaka miwili, anamuuzia yeyote kwa bei ya soko, au nyumba inarudi kwa mwenye mradi kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba? Kama sharti hilo halimo, ruzuku itamfaa mnunuzi wa kwanza peke yake, na wa pili atalipa bei kamili.