Kutuliza uchungu wa kuzaa: maana yake na namna ya kuamua

Katika Kiswahili chetu neno moja, uchungu, limebebeshwa mizigo miwili. Mama akisema "uchungu umeanza", anamaanisha kwamba mji wa mimba umeanza kujikaza na kujilegeza ili kumsukuma mtoto. Akisema "nina uchungu mwingi", anamaanisha maumivu anayoyasikia. Kamusi hujaribu kuyatenganisha mambo hayo kwa kutenga neno utungu kwa ajili ya kuzaa, lakini katika maternite, yaani wodi za uzazi, za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, uchungu ndilo neno linalotumika kwa yote mawili. Naanza na jambo hili la lugha kwa sababu ndilo linalolea hofu ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, yaani kwamba ukiutuliza uchungu umeuzuia uzazi.

Kutuliza uchungu maana yake ni kupunguza au kuondoa maumivu, huku kazi ya mji wa mimba ikiendelea. Hilo linawezekana kwa kuwa mambo hayo mawili hupita njia tofauti. Msuli wa mji wa mimba hujikaza wenyewe, ukichochewa na homoni iitwayo oksitosini ambayo huletwa na damu, ilhali maumivu husafiri kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, kisha yakapanda ubongoni. Mwanamke aliyepooza miguu kwa jeraha la uti wa mgongo hushika mimba, mji wake wa mimba hujikaza saa zikifika, na aweza kuzaa kwa njia ya kawaida, hata ikiwa maumivu hayasikii. Kwa hiyo kazi yaweza kuendelea pasipo maumivu.

Kuna mkanganyiko wa upande wa pili, nao una hatari zaidi. Mama huwekewa serumu, yaani maji ya dripu, mkononi, na jamaa zake wakafurahi wakidhani amepewa kitulizo, kumbe ndani ya ile serumu mmetiwa oksitosini ya kuongeza uchungu. Dawa hiyo ina kazi yake halali pale uzazi unapokwama, lakini huzidisha maumivu, na ikitolewa bila kipimo yaweza kumkosesha mtoto hewa au kupasua mji wa mimba, hasa kwa mama mwenye kovu la sezariani, yaani upasuaji wa kumtoa mtoto. Maji ya majani yanayonyweshwa nyumbani ili mtoto ashuke upesi yana hatari ya namna hiyo hiyo, tena hayana kipimo kabisa. Swali la kwanza ambalo mama au anayemsindikiza anapaswa kuliuliza ni fupi: dawa hii inaongeza uchungu au inaupunguza?

Sasa kuhusu njia zenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 juu ya huduma ya uzazi, linakubali kwamba mama mwenye afya njema anayeomba kitulizo apewe, na linataja njia kadhaa kwa kadiri ya anachokitaka mama mwenyewe: kupumua kwa utulivu, kukandwa, kitambaa cha maji ya moto mgongoni, sindano za jamii ya opioidi (dawa kali za maumivu, kama mofini), na ganzi ya mgongoni iitwayo peridurali. Miongozo hiyo hiyo inataka kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo hili lisidharauliwe kwa kuwa halina sindano. Tafiti zilizokusanywa pamoja, zenye wanawake zaidi ya 15,000, zilionyesha kwamba mama asiyeachwa peke yake huhitaji dawa za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi na hufanyiwa sezariani mara chache zaidi. Vivyo hivyo kutembea na kusimama badala ya kulala chali hufupisha hatua ya kwanza ya uzazi, ile ya kufunguka njia kabla ya kusukuma, pengine kwa zaidi ya saa moja. Naumia ninapoona dada au mama mzazi ameachwa nje ya mlango wa maternite, ameshika termosi ya chai, wakati kitulizo cha bei nafuu kuliko vyote kimekaa pale ukumbini bila kutumiwa.

Sindano ya opioidi, ambayo kwa kawaida ni pethidini, hupigwa kwenye msuli. Haiondoi maumivu; huyasogeza mbali kidogo, na mama husinzia kati ya uchungu mmoja na mwingine. Yaweza kumletea kichefuchefu na kutapika. Kwa kuwa dawa hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ikipigwa saa chache kabla ya kuzaliwa yaweza kumfanya azaliwe akiwa mlegevu na mvivu wa kupumua. Mahali inapotolewa pawe na mtu anayejua kumsaidia mtoto kupumua, na ni vizuri iwepo naloksoni, dawa inayopingana na opioidi. Kuna pia gesi ya kuvuta kwa kinyago, nusu yake oksijeni na nusu nitrasi oksidi, inayotumika sana Uingereza.

Peridurali ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayozungumzwa kwa uvumi mwingi. Mama hukaa au kulala ubavu akiwa amekunja mgongo. Daktari wa ganzi hupitisha sindano kati ya mifupa ya kiunoni, huacha mrija mwembamba pale, kisha hutia dawa kidogo kidogo, na kwa muda wa dakika kumi hadi ishirini hivi maumivu hupungua sana. Isichanganywe na ile sindano ya mgongo ya sezariani, ambayo hupigwa mara moja, huingia ndani zaidi na kufanya ganzi nzito kwa muda wa upasuaji. Tafiti hazikuthibitisha kwamba peridurali huongeza sezariani, wala kwamba huacha maumivu ya mgongo ya miaka mingi. Ina kasoro zake za kweli: presha ya damu yaweza kushuka, hatua ya kusukuma huwa ndefu zaidi, na takriban mama mmoja katika mia hupata kichwa kikali kinachozidi anapoketi. Haifai kwa mama ambaye damu yake haigandi vizuri au mwenye maambukizi mahali pa kuchomwa.

Uamuzi kwa hiyo hauishii katika kutaka. Peridurali hudai mtaalamu wa ganzi awepo muda wote, presha ipimwe kila baada ya dakika chache mwanzoni, moyo wa mtoto usikilizwe, na chumba cha upasuaji kiwe tayari hata umeme ukikatika. Kwetu wataalamu hao ni wachache na kazi ya kwanza inayowangoja ni upasuaji. Mahali ambapo masharti hayo hayatimii, naona ni heri mama azae bila sindano hiyo, akiwa na mtu wake na mkunga mwenye subira. Haya yaulizwe katika kliniki ya wajawazito, mapema kabla ya mwezi wa tisa, pamoja na gharama, kwa maana mama aliye katikati ya uchungu hawezi kulinganisha chochote. Na akibadili nia siku yenyewe, akataka alichokikataa au akakataa alichokitaka, asikilizwe.

Wapo watakaomwambia kwamba Kitabu cha Mwanzo kimeagiza mwanamke azae kwa utungu. Hoja hiyo si ngeni: ilisikika Ulaya baada ya daktari James Young Simpson wa Edinburgh kutumia etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, kwa mama mzazi mwaka 1847, ingawa Malkia Victoria wa Uingereza alikubali klorofomu, dawa nyingine ya namna hiyo, mwaka 1853. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi mjini kwetu, inafaa kujua kwamba Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1956 kuwa kuzaa bila maumivu hakupingani na imani. Mama mkwe aliyezaa watoto wanane bila sindano anastahili heshima yake yote, lakini mwili unaozaa ni wa mkaza mwana, na idhini ni yake.

Kwa upande wa vidonge vya duka la dawa, mjamzito asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya uchungu, kwani mwishoni mwa mimba zaweza kuudhuru moyo na figo za mtoto.

Limebaki jambo moja linalosahauliwa kwa sababu mtoto ameshalia na kila mtu anashangilia. Mama aliyechanika au kuongezwa njia, yaani kukatwa kidogo ili mtoto apite, hushonwa, na nimewaona walioshonwa bila ganzi, wakiambiwa wavumilie kidogo tu. Sindano ya lidokaini, dawa ya kutia ganzi mahali pamoja, kabla ya uzi wa kwanza ni nyepesi, haihitaji daktari wa ganzi, na hata kituo kidogo cha afya chaweza kuwa nayo. Mama aiombe kwa jina, na anayemsindikiza aisemee mapema ikiwa mama amechoka kusema. Kisha mshonaji angoje dakika chache, aguse ngozi kwa ncha ya sindano na kuuliza kama bado anasikia, ndipo aanze.