Kabla ya kurekodi kipindi cha upendo

Watayarishaji wa redio za jamii wanaokuja kwetu kujifunza utunzi huwa na ombi linalofanana: wanataka kipindi cha kuhimiza upendo na amani. Ukiwauliza kitakuwa na nini ndani yake, wanakutajia shehe, padri, mkuu wa wilaya na wimbo wa kwaya katikati. Sina neno na shehe wala padri. Ila yule msikilizaji aliyegombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba ameambiwa ampende tangu utotoni, tena anakubali kabisa kwamba inafaa. Kinachomshinda ni kumwamkia kesho asubuhi huku kaka zake wakimtazama.

Mawaidha hayamfikii hapo. Hadithi inaweza kumfikia, na ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu unatoka Rwanda, nchi ambayo redio yake iliwahi kufanya kinyume kabisa. Kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo mwaka 1993. Kilikuwa na muziki mzuri, utani na watangazaji wenye ulimi mtamu, na ndani ya utamu huo watu walizoeshwa kuwaona majirani zao kuwa maadui. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao yake Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, pamoja na mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, kwa kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka uliofuata, 2004, shirika la Radio La Benevolencija lilianza kurusha mchezo wa redio wa Kinyarwanda uitwao Musekeweya, yaani alfajiri mpya.

Mchezo huo unahusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vyenye bonde la rutuba katikati. Ardhi inagombewa, njaa inaingia, na anatokea mkubwa mmoja anayechochea watu wavamie wenzao. Kabila la mtu halitajwi hata mara moja, wala halihitaji kutajwa, kwa sababu kila msikilizaji anaelewa kinachozungumzwa. Katikati ya uhasama huo, binti Batamuriza na kijana Shema, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule, wanapendana. Watunzi wangeweza kuishia kwenye machozi ya wapenzi waliozuiwa kuoana. Badala yake waliwafanya wakusanye vijana wa pande zote mbili na kusema hadharani kwamba mkubwa anakosea. Mapenzi ya watu wawili yakageuka kuwa jambo la kijiji kizima.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia mchezo huo kwa mwaka mmoja. Baadhi ya jamii zilisikiliza Musekeweya, nyingine zikasikiliza mchezo mwingine uliohusu afya. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2009 yanapaswa kusomwa na kila mtunzi, kwa sababu yanatuvunja kiburi. Imani za watu binafsi hazikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni namna walivyoona mambo yanayokubalika katika jamii yao: kama inafaa kumruhusu mtoto aoe au aolewe nje ya kundi lake, kama inafaa kumwamini mtu, kama inafaa kupinga jambo mbele za watu badala ya kunyamaza. Na matendo yakafuata. Utafiti ulipomalizika, kila kikundi kilipewa redio ya kaseti na kanda zake. Vikundi vilivyosikiliza habari za afya kwa kawaida vilimkabidhi kiongozi wa eneo, basi, yakaisha. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana, wakapingana, na mara nyingi wakaamua kuitunza kwa pamoja.

Kwa hiyo ninapowaambia wanafunzi wangu waandike kuhusu upendo, nawakataza kumtia mhusika yeyote neno "upendo" mdomoni. Nataka tendo, na nataka tendo hilo limgharimu mtu kitu. Mama anavuka mpaka wenye mgogoro na bakuli la kunde kumpelekea jirani aliyejifungua. Akirudi, mume amekaa kimya, chakula hakijaguswa, na mama mkwe anauliza kwa sauti ya juu kama kunde zimekuwa nyingi siku hizi. Msikilizaji anataka kujua kama mama huyo atarudia kesho. Akirudia, na jirani wa tatu akaamua kumsindikiza, tumesema kuhusu upendo zaidi ya hotuba ya nusu saa.

Inasaidia pia kuwa na mhusika anayeyumba. Miguel Sabido, aliyeanzisha mtindo huu wa tamthilia za kuelimisha nchini Mexico miaka ya 1970, aliweka mwema, mwovu na yule wa katikati anayebadilika polepole, maana wasikilizaji wengi ndipo walipo. Radio Tanzania ilifuata njia hiyo kuanzia 1993 katika Twende na Wakati. Dereva wa lori Mkwaju ndiye aliyekuwa mfano wa kuepukwa, naye mkewe Tunu taratibu akajifunza kujisimamia. Lengo lilikuwa uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini msikilizaji alikuwa pia akipima ndoa yake mwenyewe.

Naomba niseme na jambo linaloniudhi. Tamthilia nyingi tunazotazama sasa zina mapenzi kila dakika, na upendo humo ni haba. Mume anayemshika mkewe koo kwa wivu anapigiwa muziki wa huzuni ili tumwonee huruma, na sehemu inayofuata mke anamsamehe kwa sababu "alikuwa anampenda mno". Hadithi hiyo nayo inafundisha yanayokubalika, tena kwa nguvu ile ile.

Suala la kusikiliza pamoja tusilipuuze. Katika utafiti wa Rwanda watu walikusanyika kusikiliza, na kila mmoja aliona wenzake wanapocheka, wanapoguna na wanapomzomea mchochezi. Anayesikiliza peke yake kwa simu na spika za masikioni hapati hayo. Redio ya jamii yenye bajeti ndogo inaweza kuandaa vikundi vya kusikiliza kwenye saluni, kijiwe cha bodaboda au kikao cha vikoba, na kurekodi mabishano yao yawe sehemu ya kipindi cha wiki inayofuata.

Kabla ya kurekodi, usomeni mswada mbele ya watu wa pande zote za mgogoro wenu, uwe wa wakulima na wafugaji au wa koo mbili. Vijiji viwe vya kubuni na majina yasielekeze upande wowote. Wasikilizaji wakianza kubishana ni nani aliyesemwa, mswada urudi mezani. Wakibishana kama yule mama alipaswa kupeleka kunde mara ya pili, ingieni studio.