Vinavyozunguka Jua kinyume: dhana potofu na ukweli

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, ukitaja nyota inayokwenda kinyume, watu hukumbuka unajimu: Mirihi imerudi nyuma, ahirisha safari. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mirihi hairudi popote. Dunia inaipita tu, kama basi la Segera linavyolipita lori, nawe dirishani ukaliona lori linakwenda nyuma.

Vipo vinavyokwenda kinyume kwelikweli. Asteroidi, yaani miamba midogo inayozunguka Jua, zinazojulikana zimepita milioni moja, na zaidi ya mia moja kati yake huzunguka Jua kinyume na sayari zote. Mojawapo, Dioretsa, iligunduliwa mwaka 1999, na jina lake ni neno la Kiingereza la asteroidi lililoandikwa kuanzia herufi ya mwisho.

Wengi hudhani zilisimama zikageuka. Sivyo. Chukua sinia, chora duara juu yake kwa kidole, kisha inua ukingo mmoja mpaka sinia lipinduke. Duara ni lile lile, ila kwa anayetazama kutoka juu, sasa linakwenda kinyume. Njia iliyoinama kupita nyuzi 90 ndiyo tunayoiita ya kinyume, na mvuto wa sayari kubwa unaweza kuiinamisha hivyo, polepole mno.

Basi zitagongana na sayari? Hapa ndipo ninapopapenda. Asteroidi iitwayo Kaʻepaokaʻāwela hutumia njia moja na sayari ya Mshtarii, huku ikielekea upande wa pili. Katika kila mzunguko wa miaka kama 12 hukutana mara mbili: mara moja asteroidi hupita upande wa ndani, mara nyingine wa nje. Mvuto wa kwanza hurekebishwa na wa pili, nayo haiisogelei Mshtarii chini ya kilomita milioni 176 hivi. Mwaka 2018 wanasayansi wawili walipendekeza kwamba ilitoka kwenye nyota nyingine. Wengine waliipinga hoja hiyo, kwa hiyo anayekuambia imethibitishwa amekwenda mbio.

Wala usiseme hayatuhusu. Kometi ya Halley, gimba la barafu na vumbi lenye mkia, nayo huzunguka kinyume. Kila Oktoba Dunia hukata vumbi lake uso kwa uso, kasi mbili zikajumlishana: takriban kilomita 66 kwa sekunde. Ndiyo maana vimondo vyake ni vya kasi mno. Wavuvi wa dagaa wa Sahare, wanaovua usiku wa giza, wana nafasi nzuri kuliko sisi wa mjini. Tarehe 21 hivi, kuanzia saa tisa usiku, zima taa, tazama juu. Halley yenyewe ilipita 1986 na itarudi 2061.