Tumbo la Jumatatu

Shule zikifunguliwa tu, kliniki yetu hapa Kisauni, Mombasa, hujaa watoto wa "tumbo", na mara nyingi tumbo hilo ni hofu ya shule. Maswali ya wazazi hayabadiliki.

Wasiwasi nao ni ugonjwa?
Kuogopa giza au mtihani ni kawaida. Hofu ikidumu wiki kadhaa, ikamnyima mtoto usingizi au shule, yataka matibabu.

Mbona tumbo lauma na vipimo ni safi?
Lauma kweli, hadanganyi. Mwili wenye hofu huvuruga utumbo. Tazama saa: laanza Jumapili usiku, akivaa sare anatapika, na saa nne, shule ishampita, anaomba mahamri. Mama mmoja alikuwa keshampa mwanawe dawa ya minyoo mara tatu. Minyoo haijui Jumatatu, mama.

Si nimpumzishe nyumbani hadi hofu iishe?
Hapana. Haitaisha. Akibaki nyumbani hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfunza kwamba shule ni hatari. Kesho hofu huwa kubwa zaidi.

Hata wiki moja?
Hata wiki moja. Ninaowaona wamekosa muhula mzima walianza na "wiki moja tu". Akiwa na homa, au tumbo likimuuma hata wikendi na likizoni, mlete apimwe. La sivyo, aende shule.

Bibi yake asema ni jini, tumalize kombe kwanza, yale maji ya aya za Kurani anayonyweshwa.
Dua someni, sikatazi. Lakini njooni huku mkisoma, msisubiri kombe liishe. Na tafadhali, dawa ya mafua ya kumlaza usingizi si tiba, acheni.

Shule yaweza kusaidia?
Sana, tena mapema. Kule Australia, Paula Barrett alianzisha programu ya FRIENDS: darasa zima hufunzwa, hivyo hakuna anayenyooshewa kidole. Watoto hujifunza kuitambua hofu mwilini, kupumua polepole, kulihoji wazo la kutisha, kisha kuikabili hofu ngazi kwa ngazi. Mwalimu wa ushauri nasaha hapa aweza kuanza hivyo: leo mtoto afike langoni, kesho akae hadi mapumziko, kesho kutwa hadi chakula cha mchana. Ila muulizeni kwanza anaogopa nini. Akitaja kiboko, shida si mtoto. Viboko shuleni vilipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 2001, na bado naona alama mapajani.

Nimlete lini?
Akikosa siku tatu kwa hofu. Akisema anataka kufa, leo leo, hata kama ni usiku.