Ashtanga, Vinyasa na Power Yoga: nani anaamua mkao unaofuata?

Wanaotaka kuanza yoga ya jasho huniuliza ipi ngumu zaidi kati ya hizi tatu. Zote zitakulowesha. Mimi ningeuliza jambo jingine: nani anaamua mkao unaofuata?

Kwenye Ashtanga haamui mtu, mpangilio ni uleule kila siku. K. Pattabhi Jois, mwalimu aliyeieneza na mwanafunzi wa gwiji wa yoga Krishnamacharya, alifungua taasisi yake Mysore, kusini mwa India, mwaka 1948. Mifululizo iko sita, na wengi hubaki kwenye wa kwanza miaka nenda rudi, wala si aibu. Unaanza na Surya Namaskara, yaani kuliamkia jua, ambayo ina aina mbili: A mara 5, B mara 5. Inafuata mikao ya kusimama, ya kukaa, kisha ya kumalizia, na mingi hushikiliwa kwa pumzi 5. Ukiingia darasa la mtindo wa Mysore usishangae ukimya. Hakuna anayehesabu kwa sauti. Kila mtu yuko mahali pake kwenye mfululizo, mwalimu anapita akimrekebisha huyu na yule, na mkao mpya unapewa ukishaumudu uliotangulia. Faida yake ni kwamba, kwa kuwa mikao haibadiliki, kilichobadilika mwilini mwako leo unakigundua mara moja.

Vinyasa hupangwa na mwalimu. Leo nyonga, kesho mgongo, mara nyingi na muziki. Ukimpata mwalimu hodari, kila mkao unaandaa unaofuata. Ukimpata wa kubahatisha, utapindwa mgongo kabla haujapata joto, au mguu wa kushoto utasahauliwa kabisa. Power Yoga ilipata umaarufu Marekani miaka ya 1990 kupitia kina Beryl Bender Birch na Bryan Kest, wote wawili watu wa Ashtanga. Walilegeza mpangilio wakabakiza nguvu. Baadhi ya studio hupasha chumba joto, jambo nisilolipenda kwa anayeanza: joto linafanya misuli ikubali kuvutwa kupita kiasi, na maumivu unayasikia kesho yake.

Kinachoziunganisha zote ni chaturanga, ule mshuko kutoka mkao wa ubao (mwili umenyooka juu ya mikono na vidole vya miguu), na hapo ndipo mabega mengi huharibikia. Hebu tuhesabu. Surya A ina chaturanga 1, B ina 3. Kwa raundi 5 za kila moja, umeshashuka mara 20 kabla ya mkao wa kwanza wa kusimama. Kosa dogo likirudiwa mara 20 kwa siku si dogo tena.

Kosa lenyewe ni kushuka mno. Bega likizama chini ya kiwiko, kichwa cha mfupa wa mkono husukumwa mbele na kukandamiza kano za mbele ya bega. Kwa hiyo ukiwa kwenye ubao, kwanza jisukume mbele kwa vidole vya miguu ili kiwiko kikikunjwa kibaki juu ya kifundo cha mkono. Shuka ukitoa pumzi, viwiko vikielekea nyuma badala ya kutanuka pembeni, na ukomee pale bega likiwa sawa na kiwiko. Kiuno kikibonyea, weka magoti chini. Hiyo si chaturanga ya watoto. Ndiyo inayokujengea nguvu ya ile nyingine.

Ashtanga ina mtego wake mwingine: mikao mingi ya kukaa na kuinama mbele. Ukisikia uchungu chini kabisa ya kalio, pale misuli ya nyuma ya paja inaposhika mfupa, kunja magoti na uache kuvuta. Kwenye nusu ya padmasana, yaani mguu mmoja ukiwekwa juu ya paja la pili, mzunguko utoke kwenye nyonga. Goti likilalamika, utoe mguu.

Pumzi ya ujjayi ndiyo kipimo. Funga mdomo, bana koo kidogo kama unayetia ukungu kwenye kioo. Sauti ikikatika au ukaanza kuhema kwa mdomo, ruka chaturanga inayofuata, nenda moja kwa moja kwenye mkao wa mbwa anayeangalia chini (mikono na miguu chini, makalio juu), ukae pumzi 5.

Anayependa ratiba na kufanya peke yake nyumbani, Ashtanga: siku 3 kwa wiki, Surya na mikao ya kusimama tu, nusu saa inatosha. Anayechoshwa na marudio aende Vinyasa, ila achague darasa la polepole kwa miezi miwili ya mwanzo. Mwenye bega bovu asianze na Power.